Sultan Khan: Bingwa wa sataranji aliyecheza kwa hisani ya bwana wake

RELI iliyofika Butere mapema miaka ya 1930 ilikuwa tawi la mwisho la safari iliyoanzia Mombasa zaidi ya miaka thelathini iliyotangulia. Njia kuu ilifika Kisumu, ufuoni mwa Ziwa Victoria, mwaka wa 1901. Iliwekwa kwa jasho la vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, wengi wao wakiwa wenyeji wa Punjab.

Ndiyo maana jina la Punjab si geni magharibi mwa Kenya. Baada ya reli kukamilika, baadhi ya watu wa jimbo hilo walibaki nchini wakawa mafundi, makarani wa stesheni na wafanyabiashara, na wajukuu wao wangali wapo hadi leo.

Miaka hiyohiyo ambayo garimoshi lilianza kupiga honi katika nchi ya Wamarama, mwana mwingine wa Punjab alikuwa akiwashangaza watu mbali sana na Butere. Hakuwa akitandaza mataruma. Alikuwa ameketi katika kumbi za Uingereza, mbele ya ubao wenye miraba 64, akiwashinda mmoja baada ya mwingine mabingwa waliohesabiwa kuwa bora duniani.

Jina lake lilikuwa Mir Sultan Khan. Alicheza mashindano ya Ulaya kwa muda usiofika miaka mitano, akatwaa ubingwa wa Uingereza mara tatu, kisha akarudi kwao na kutoweka katika mchezo huo kana kwamba hakuwahi kuwapo.

Msomaji huenda akauliza habari za mtu huyo zinatuhusu nini. Zinatuhusu kwa sababu yeye na mzee wa Butere aliyelipa kodi ya nyumba miaka hiyo walikuwa raia wa mfalme mmoja, George wa Tano. Aidha zinatuhusu kwa sababu maisha yake yanauliza swali ambalo halijapitwa na wakati: kipaji cha mtu asiye na uwezo ni mali ya nani?

Mchezo uliotoka Mashariki

Sataranji, ambayo vijana wengi wa Kenya huiita chesi, haikuzaliwa Ulaya. Ilianzia India zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, ikiitwa chaturanga, yaani jeshi lenye vikosi vinne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Kutoka huko ilipita Uajemi, ikachukuliwa na Waarabu walioiita shatranj, na kwa njia hiyo neno sataranji likaingia katika lugha yetu ya Kiswahili.

Wazungu walipoupokea mchezo huo waliubadilisha. Walimpa malkia nguvu nyingi kuliko kete nyingine zote, wakamruhusu askari kuruka miraba miwili katika hatua yake ya kwanza, na wakaweka utaratibu wa kumhamisha mfalme pembeni, nyuma ya kinga ya ngome.

India iliendelea kucheza kwa kanuni zake. Askari alisogea mraba mmoja tu, hata katika hatua yake ya kwanza. Mfalme hakuwa na utaratibu wa Kizungu wa kukimbilia pembeni, bali aliruhusiwa kuruka kama farasi mara moja tu katika mchezo mzima. Kwa hiyo michezo ilianza polepole, majeshi yakijipanga kwa subira kabla ya kukutana.

Katika mchezo huo wa subira ndimo alimolelewa Sultan Khan. Alizaliwa katika kijiji cha Mitha Tiwana, Punjab ya magharibi, eneo ambalo leo limo nchini Pakistan. Vitabu vingi vinataja mwaka wa 1905, ilhali vingine vinataja 1903. Baba yake, Mian Nizam Din, ndiye aliyemfundisha sataranji ya Kihindi akiwa na umri wa miaka tisa hivi.

Alipofika ujana wake hakuwa na mpinzani wa kumtisha katika sehemu zile. Sifa zake zikamfikia Sir Umar Hayat Khan, tajiri mwenye mashamba makubwa, mwanajeshi na mtu mwenye sauti kubwa katika utawala wa Kiingereza nchini India. Tajiri huyo alipenda sataranji kama wengine wanavyopenda mbio za farasi. Akamchukua kijana huyo nyumbani kwake, na mnamo 1926 akaagiza afundishwe kanuni za Kizungu.

Kijana alijifunza haraka. Mwaka wa 1928 ulifanyika mchuano wa ubingwa wa India nzima, naye akaunyakua kwa kushinda michezo minane na kutoka sare mmoja kati ya michezo tisa.

Kuingia London

Mwaka uliofuata, 1929, Sir Umar alikwenda London kuhudumu katika Baraza la India, chombo kilichomshauri waziri wa Uingereza aliyesimamia mambo ya koloni hilo. Katika msafara wake alimchukua Sultan Khan.

Mwanzo haukuwa mzuri. Katika shindano dogo la kumpima, mgeni huyo hakufanya vyema. Udhaifu wake ulionekana wazi. Wachezaji wa Ulaya walikuwa wamekusanya vitabu vingi juu ya ufunguzi, yaani hatua kumi au kumi na tano za kwanza ambazo hupanga sura ya vita vyote vitakavyofuata. Walizisoma kama mwanafunzi anavyosoma majedwali ya hesabu. Yeye hakuwa na vitabu hivyo, na lugha zilizoviandika hakuzijua.

Mabingwa wawili wa Uingereza, William Winter na Frederick Yates, wakajitolea kumnoa. Majira ya joto mwaka huohuo akaingia katika ubingwa wa Uingereza mjini Ramsgate. Watu wachache walimpa nafasi. Mashindano yalipomalizika, taji lilikuwa lake.

Magazeti yalipata habari ya kuuza. Yalimweleza kama muujiza uliotoka Mashariki: mtu mkimya mwenye kilemba, asiyejua Kiingereza, asiyesoma kitabu, aliyewashinda wasomi. Yalisahau kutaja jambo la kawaida zaidi, kwamba mtu huyo alikuwa amecheza kila siku tangu utoto wake, mbele ya baba aliyeujua mchezo, na kwamba uwezo wa kukaa kimya saa tano akipima hatua moja moja ni kazi iliyojifunzwa.

Isitoshe, hali ya hewa ya Uingereza ilimtesa. Alisumbuliwa na malaria, homa za baridi na maradhi ya koo, hata mara nyingine akaketi kucheza akiwa amefungwa kitambaa shingoni. Baada ya ushindi wa Ramsgate alirejea India, kisha akaletwa tena Uingereza katika mwaka wa 1930.

Safari hiyo ya pili ndiyo iliyomthibitisha. Aliiongoza timu ya Uingereza katika Olimpiki ya sataranji mjini Hamburg, Ujerumani, na katika mashindano ya Liège, Ubelgiji, akashika nafasi ya pili nyuma ya Savielly Tartakower. Kisha, mwaka ulipokuwa ukielekea ukingoni, akaenda Hastings.

Mchezo wa Hastings

Hastings ni mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza ambao tangu mwaka wa 1920 umekuwa ukiandaa mashindano ya sataranji katika msimu wa Krismasi na Mwaka Mpya. Katika mashindano ya 1930-31, jina kubwa kuliko yote lilikuwa la José Raúl Capablanca wa Cuba.

Capablanca alikuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927. Kati ya 1916 na 1924 alipitisha miaka minane bila kushindwa hata mchezo mmoja rasmi. Wenzake walimwona kama mashine, kwa kuwa alicheza kwa wepesi na usafi uliowakatisha tamaa.

Sultan Khan alicheza na kete nyeupe. Mchezo ukachukua sura ya ufunguzi uitwao Kinga ya Kihindi ya Malkia. Katika kinga hiyo, mwenye kete nyeusi hakimbilii kuijaza katikati ya ubao kwa askari. Humwacha mpinzani wake ajenge huko, naye humweka askofu wake ubavuni ili aitazame katikati ya ubao kutoka mbali, kupitia mshazari mrefu.

Jina la ufunguzi huo lina historia yake. Katika karne ya kumi na tisa, Waingereza waliokuwa Calcutta walikutana na wachezaji wa Kihindi waliozoea kusogeza askari hatua moja moja na kuwaweka maaskofu pembeni. Mtindo huo ukabandikwa jina la India, na miongo mingi baadaye mabingwa wa Ulaya wakaukubali na kuufanya kuwa elimu. Hivyo basi, pale Hastings, Mcuba alikuwa akijikinga kwa silaha yenye jina la India dhidi ya mtu aliyetoka India yenyewe.

Katika hatua ya tano, Sultan Khan alifanya jambo dogo ambalo mtazamaji wa kawaida asingelitia maanani. Alimchukua askari wa ukingoni kabisa, upande wa malkia, akamsogeza mraba mmoja tu. Hakushambulia chochote. Alichofanya ni kumfungia njia askofu mweusi ili asije akambana farasi wake.

Wakati ule hatua hiyo haikuwa ikitukuzwa vitabuni. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, Tigran Petrosian, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969, aliifanya kuwa sehemu ya silaha zake, na hata sasa mpango huo hujulikana kwa jina la Petrosian. Garry Kasparov naye aliutumia kupata ushindi mwingi. Hata hivyo, mtu wa Mitha Tiwana alikuwa ameuchezea mezani, mbele ya Capablanca, kabla ya Petrosian kuwa na umri wa kwenda shule.

Vita vilipopamba moto, Capablanca alizipanga ngome zake mbili kwenye mstari mmoja ulio wazi na kuvamia. Katika hatua ya ishirini na moja, ngome nyeusi ilitua kwenye safu ya nyumbani ya kete nyeupe na kumpa mfalme shaha. Hatua mbili baadaye Sultan Khan alimtoa malkia wake na kupokea ngome zote mbili za mpinzani.

Kwa mwanafunzi wa sataranji, kumpoteza malkia ni msiba. Lakini ngome mbili zinazoshirikiana zina nguvu ya kumtosha malkia, na wakati mwingine kumzidi, ikiwa mfalme wao yuko salama na ubao umefungwa. Hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya. Askari wa pande zote mbili walikuwa wamebanana kama ua wa miiba, na malkia wa Capablanca hakupata mlango wa kuingilia.

Yaliyofuata yalihitaji moyo wa chuma. Mfalme mweupe, ambaye tangu mwanzo hakufichwa pembeni kwa utaratibu wa Kizungu, alitembea mwenyewe kwa miguu, mraba kwa mraba, hadi akavuka upande wa kushoto wa ubao. Malkia mweusi alibaki akienda na kurudi kwenye ukingo wa kulia, hatua baada ya hatua, kama mlinzi anayezunguka nyumba asiyo na ufunguo wake.

Sultan Khan hakuharakisha. Alijaribu hapa, akarudi, akajaribu pale. Hatimaye ngome yake ikapenya, ikamnyakua askari mweusi, na askari mweupe akapata njia ya kusonga kuelekea mraba wa mwisho ambako angegeuzwa malkia. Baada ya hatua ya sitini na tano, Capablanca alisalimu amri.

Mashindano yalipomalizika, Max Euwe wa Uholanzi, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1935, alikuwa wa kwanza. Capablanca alikuwa wa pili, nusu alama nyuma yake. Sultan Khan alikuwa wa tatu. Kwa maneno mengine, mchezo huo mmoja ulimnyima bingwa wa zamani nafasi ya kwanza.

Bingwa mezani, mtumishi nyumbani

Mwaka wa 1931 ulikuwa kilele chake. Alimshinda Tartakower katika pambano la watu wawili. Katika Olimpiki ya sataranji mjini Prague, akiwa tena kwenye ubao wa kwanza wa Uingereza, alishinda michezo minane, akatoka sare saba na kushindwa miwili tu. Walioanguka mbele yake ni pamoja na Salo Flohr na Akiba Rubinstein. Bingwa wa dunia wa wakati huo, Alexander Alekhine, alitoka naye sare.

Alitwaa tena ubingwa wa Uingereza mwaka wa 1932 mjini London, na mara ya tatu mwaka wa 1933 huko Hastings. Katika mwaka huo wa 1933 na mahali hapohapo, taji la wanawake lilikwenda kwa Fatima, msichana kutoka nyumba hiyohiyo ya Sir Umar, aliyewaacha wapinzani wake mbali. Si ajabu ndogo hiyo: nyumba moja ya Punjab ilibeba mataji yote mawili ya dola iliyowatawala.

Hata hivyo, mezani alikuwa bingwa na nyumbani alikuwa mtu wa chini. Mchezaji wa Marekani, Reuben Fine, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba baada ya Olimpiki ya 1933 iliyofanyika Folkestone, timu ya Marekani ilialikwa katika nyumba ya Sir Umar mjini London. Wageni walifadhaika walipomwona bingwa wa Uingereza, mtu waliyemheshimu, akiwahudumia chakula mezani.

Simulizi hiyo imerudiwa mara nyingi, na pamoja nayo dai kwamba Sultan Khan hakujua kusoma wala kuandika. Jamaa zake wa leo wamelipinga dai hilo hadharani. Wao wanasema alitoka katika ukoo wenye ardhi na heshima ya kidini, na kwamba alisoma lugha zake mwenyewe. Kutojua Kiingereza, wanakumbusha, si kutojua kusoma.

Pingamizi hilo lina uzito, na msomaji wa Kenya atalielewa bila kufafanuliwa. Ni wazee wangapi wa nchi hii walioandikwa katika madaftari ya serikali ya kikoloni kuwa wajinga, ilhali walijua sheria za ardhi, nasaba za koo na dawa za miti kuliko karani aliyeshika kalamu? Aliyeandika ndiye aliyechagua neno, na neno likabaki.

Lakini hata tukiondoa chumvi yote iliyotiwa na magazeti, jambo moja halibadiliki. Sultan Khan hakuamua mwenyewe lini acheze na lini aache. Nauli, malazi, ada za mashindano na ruhusa ya kusafiri vilikuwa mikononi mwa Sir Umar. Sir Umar alipokwenda Ulaya, alikwenda. Sir Umar alipoondoka Ulaya mwishoni mwa 1933, naye aliondoka.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, au thelathini kwa hesabu nyingine. Kwa mchezaji wa sataranji, huo ndio umri wa kukomaa. Wanahistoria wengi wa mchezo huo humweka miongoni mwa wachezaji kumi bora duniani wa enzi yake.

Kimya cha miaka thelathini

Mwaka wa 1935, nchini India, alicheza pambano la michezo kumi na V. K. Khadilkar. Alishinda michezo tisa na kutoka sare mmoja. Baada ya hapo hakuonekana tena katika mashindano makubwa.

Sir Umar aliaga dunia mwaka wa 1944. Mwaka wa 1947 India iligawanywa, na nyumbani kwa Sultan Khan pakawa Pakistan. Yeye aliishi Sargodha akilima shamba na kulea watoto wake kumi na mmoja. Kwa mujibu wa familia, hakupenda kuwafundisha sataranji. Aliwataka wafanye jambo lenye manufaa zaidi maishani mwao.

Mtu anaweza kusikia uchungu katika wosia huo, au hekima, au vyote viwili. Mtu aliyewahi kumshinda Capablanca alijua vizuri kuliko wengi kwamba ushindi mezani haukumpa shamba, wala pasi ya kusafiria, wala mamlaka juu ya siku zake mwenyewe.

Mwaka wa 1950, Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, lilianzisha rasmi cheo cha bingwa mkuu na kuwatunuku wachezaji 27 wa kwanza. Miongoni mwao alikuwamo Rubinstein, ambaye alikuwa ameacha mashindano tangu mapema miaka ya 1930, na ambaye Sultan Khan alimshinda Prague. Tartakower pia alikuwamo. Sultan Khan, aliyekuwa hai na mwenye afya ya kulima, hakukumbukwa.

Alifariki dunia tarehe 25 Aprili 1966 huko Sargodha kwa ugonjwa wa kifua kikuu.

Ilipita miaka 58 kabla ya kosa hilo kusahihishwa. Mnamo Februari 2024, FIDE ilimtunuku cheo cha heshima cha bingwa mkuu, na cheti chake kikakabidhiwa mjini Islamabad. Kwa uamuzi huo akahesabiwa kuwa bingwa mkuu wa kwanza wa Pakistan, akiwa kaburini zaidi ya nusu karne.

Funzo kwa wenye ubao leo

Ni rahisi kuyageuza maisha haya kuwa hadithi ya kutia moyo: kwamba kipaji hakizuiliki, na kwamba mtoto wa kijijini asiye na vitabu anaweza kumwangusha bingwa wa dunia. Sehemu hiyo ni kweli, na si ya Punjab pekee. Jirani zetu wa Uganda wana Phiona Mutesi, aliyejifunza sataranji katika mtaa wa Katwe, Kampala, na kufika Olimpiki ya sataranji mwaka wa 2010. Maisha yake yakatengenezewa filamu mwaka wa 2016.

Lakini nusu nyingine ya hadithi ndiyo nzito. Kipaji cha Sultan Khan kilizuilika. Kilizuiliwa na ukosefu wa nauli. Mlango uliofunguliwa na mtu mmoja ulifungwa na mtu huyohuyo, wala hapakuwa na klabu, chama, shule au serikali iliyojiona na wajibu wa kuuacha wazi.

Butere ina historia ndefu ya elimu. Shule ya wasichana ya misheni ya CMS ilianzishwa hapo mwaka wa 1916, zaidi ya miaka kumi kabla ya Sultan Khan kukanyaga London. Mtoto anayefundishwa sataranji katika kaunti ya Kakamega leo ana vitu ambavyo bingwa yule hakuwa navyo: maktaba ya shule, simu inayoweza kumwonyesha mchezo wa Hastings hatua kwa hatua, na mwalimu anayezungumza lugha yake.

Anachoweza kukosa ni kilekile alichokosa Sultan Khan: nauli ya kwenda kwenye mashindano bila kumpigia magoti tajiri wa mtaa au mwanasiasa wa msimu. Mfadhili mwema ni baraka, na bila Sir Umar huenda dunia isingelisikia jina la Sultan Khan hata kidogo. Haki hiyo apewe. Lakini bajeti ndogo ya shule, inayojulikana na kurudi kila mwaka, humfaa mtoto kuliko mkono mkubwa unaotoa leo na kujikunja kesho.

Wanaotaka kumkumbuka Sultan Khan wana njia rahisi. Wapange kete, wacheze Kinga ya Kihindi ya Malkia, na katika hatua ya tano wamsogeze yule askari wa ukingoni mraba mmoja. Vitabu vitawaambia kwamba huo ni mpango wa Petrosian. Wao watajua ni nani aliyeucheza Hastings, na ni nani aliyeshindwa.